Hiyo Moja Umeitia ya Nini?

Haiku yangu ya kwanza, yaani lile shairi fupi la Kijapani la mishororo mitatu, niliiandika mgongoni mwa karatasi ya mtihani wa mwanafunzi, ndani ya matatu iliyokwama Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni, kondakta akigombana na abiria juu ya chenji. Ilikuwa hivi:

Waridi langu,
ishara ya upendo,
moyo wacheka.

Nilihesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: tano, saba, tano. Sawasawa. Nikajiona nimefika Japani bila pasipoti. Leo nikiisoma natamani niichane, ila nimeibakiza makusudi ili niwaonyeshe wanafunzi jinsi mtu anavyoweza kutimiza kila sharti la utungo na bado asiwe ametunga kitu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Eastlands, Nairobi. Ushairi nimeufundisha miaka 14: tarbia, tathlitha, ukwapi, utao, vina vya kati na vya mwisho. Haiku haimo katika kazi yangu ya darasani. Iliingia kupitia mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeniuliza kama ni kweli kuna shairi linaloisha kabla mtu hajavuta pumzi mara mbili. Nilimwambia nitamletea jibu wiki ijayo, ambalo ndilo jibu la mwalimu asiyejua. Usiku ule nikaingia mtandaoni, na katika kutafuta haiku nikaangukia kitu kingine kilichonipendeza zaidi: orodha ya maua na maana zake. Waridi jekundu, mapenzi. Waridi la manjano, wivu. Lili, usafi wa moyo. Krisanthemamu nyeupe, msiba. Wajapani wana neno lao kwa lugha hii ya maua, hanakotoba, na Wazungu wa karne ya 19 nao walikuwa na vitabu vizima vya namna hiyo. Cha kwanza kupata umaarufu kilichapishwa Paris mwaka 1819. Kijana aliweza kumpelekea binti shada, na binti akalifungua kama barua.

Nikaenda saiba jirani nikaichapisha ile orodha. Kurasa nne, maua 62. Mpango wangu ulikuwa wa kimwalimu kabisa: kila ua haiku moja, hadi orodha iishe. Kwa miezi miwili niliandika 31, nikazinakili vizuri katika daftari jipya, nikampelekea Bibi.

Bibi ni shangazi wa mume wangu. Watoto wangu humwita Bibi, nami nikafuata. Alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akaolewa Majengo hapa Pumwani angali msichana, na hajahama tangu hapo. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa mashairi, wa wale waliojibizana kwa tungo badala ya kugombana. Yeye mwenyewe hajawahi kuandika hata beti moja, lakini sikio lake ni mizani ya dhahabu. Ukikosea kina anakunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga ndani ya wali.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba mwanangu. Soma.”

Nikasoma ile ya waridi. Alikuwa anahesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole, kama mtu mwenye tasbihi. Nilipomaliza akanitazama.

“Kumi na saba.”

“Ndiyo Bibi. Ndivyo zilivyo.”

“Mshororo ni mizani kumi na sita. Nane hapa, nane hapa. Hiyo moja umeitia ya nini?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijaliona jambo hilo kabisa, mimi mwalimu wa miaka 14: kwamba haiku nzima, ukiinyoosha, ni mshororo mmoja tu wa shairi letu la kawaida na mizani moja ya ziada. Kile tunachohitaji sisi beti nne au tano kukieleza, Mjapani anakimaliza kabla ya kituo cha kwanza. Nilijitetea kwamba vina havihitajiki. Akasema hilo amelisikia, na kwamba shairi bila vina ni kama mwanamke aliyetoka bila leso, inawezekana, lakini awe na sababu. Kisha akanipiga pale palipouma hasa.

“Na nani aliyekuuliza waridi ni ishara ya nini? Aliyepewa waridi hajui?”

Nikarudi kwangu Buruburu na daftari langu limefungwa.

Tuongee kidogo habari ya kuhesabu, kwa maana hapo ndipo wengi wanaojaribu haiku kwa Kiswahili wanapoanzia, na baadhi ndipo wanapoishia. Kiswahili kimeumbwa kwa kazi hii. Silabi zetu ziko wazi, kila irabu ina mizani yake, hakuna ubishi. Neno haiku lenyewe ni tatu kwetu, ha-i-ku, na tatu kwao. Hata ile n yao ya mwisho wa neno, ambayo huhesabiwa peke yake, inafanana na m yetu katika mti: m-ti, mbili. Ubishi kidogo uko hapo kwenye m. Mbuni wa kahawa, yaani mti, ni m-bu-ni, mizani tatu. Mbuni ndege ni mbu-ni, mizani mbili. Ukitunga haiku ya shamba la kahawa ukahesabu ndege, umeharibu. Kwa neno mjakaranda nilipata zawadi: m-ja-ka-ra-nda, tano kamili, mshororo mzima umejengwa na mti mmoja. Nilikaa na furaha hiyo siku mbili.

Lakini hesabu ina ujinga wake. Wiki iliyofuata nilikwenda tena Majengo nikamkuta Bibi amelala mchana, na kwenye mto wake wa kulalia kuna asumini zilizotungwa kwenye uzi, zimeanza kugeuka rangi ya chai. Mpwa wake wa Mombasa alikuwa amemletea. Sikuifungua orodha. Nikaandika palepale:

Mto wa bibi —
asumini za jana
bado zanuka.

Tano, saba, tano. Alipoamka nikamsomea kwa majivuno. Uso ukabadilika.

“Zanuka? Kwani mto wangu una nini?”

Jamani. Mimi, wa kufundisha kauli ya kutendea, nilikuwa nimesahau kwamba kinachonuka ni soksi, na asumini hunukia. Nilikuwa nimeshaona kwamba “bado zanukia” ni mizani sita, na kidole changu kikachagua hesabu badala ya ukweli. Bibi alicheka baadaye, lakini si mara moja. Nikaigeuza:

Mto wa bibi —
asumini za jana
zanukia tu.

Na hiyo “tu”, ambayo niliitia kama kiraka, ndiyo aliyoipenda. Ilisema asumini zile hazina habari kwamba zimeshapitwa na jana yao.

Ndiyo haiku yangu ya kwanza ambayo haikutoka kwenye zile kurasa nne. Hata hivyo orodha sikuiacha. Mtu haachi kitu alichokilipia.

Kilichoniachisha ni harusi. Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa, na ukumbi tuliokodi ulikuwa umepambwa vizuri, vitambaa vya rangi ya maziwa na maua meupe kila meza. Nikasogea karibu nikaona ni krisanthemamu. Orodha ikaniwaka kichwani: msiba. Ufaransa hupelekwa makaburini, Japani huwekwa mazishini ingawa ua hilohilo, lenye petali 16, ndilo nembo ya Mfalme wao. Nikamvuta mpambaji pembeni nikamnong'oneza kwamba maua haya yana nuksi, hayafai meza za harusi. Maskini, alikuwa kijana mpole. Akaanza kuyatoa. Alikuwa amefika meza ya tatu dada yangu alipotokea, amevaa gauni la kushonesha na amekunja mikono.

“Nani amesema yatolewe?”

Nikaeleza. Nikataja Japani. Nikataja na Ufaransa, nadhani.

“Mwalimu,” akasema, na dada yangu haniiti mwalimu ila amekasirika, “hapa ni Donholm. Na hayo maua yamelipiwa.”

Yakarudishwa mezani. Bi harusi aliyashika katika picha, akacheka, akapendeza. Hakuna mgeni hata mmoja aliyefikiria kaburi, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimejitafutia. Watu wa ukoo wetu hadi leo wakiona ua lolote huniuliza kama lina ruhusa.

Baada ya hapo nikataka kujua: kama Nairobi haisomi maua kwa orodha ya Paris wala ya Tokyo, inayasoma kwa nini? Nikaenda kumuuliza mtu anayekula kwa kazi hiyo. Soko la Jiji, pale Mtaa wa Muindi Mbingu, kuna wauza maua ambao wamenizoea kwa kuwa huwa napita nikienda kununua vitabu. Kuna mama mmoja mwenye ndoo kama kumi na mbili na kisu kidogo asichokiweka chini. Nilinunua waridi tano ili nisionekane mpelelezi, kisha nikauliza wateja wake huulizia maana gani.

“Maana?” Alikata bua moja kwa mshazari, akalichovya majini. “Madam, mteja anauliza mambo mawili. Ngapi, na yatakaa siku ngapi.”

Lakini watu hawachagui rangi?

“Wanachagua. Mekundu ni ya Februari. Meupe ni ya Ijumaa.”

Nilimwelewa baada ya sekunde kadhaa. Huku maziko mengi huwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo mashada meupe hutoka kuanzia Alhamisi. Mama huyu alikuwa na lugha yake ya maua, nayo ilikuwa kalenda. Waridi jeupe likimkuta mteja siku ya Jumanne linaweza kuwa la mgonjwa, la mahafali, la mezani tu. Ijumaa halina mjadala.

Pale ndipo nilipoielewa haiku kuliko nilivyoielewa kwa kusoma. Wajapani wana kitu wanachokiita kigo, neno la majira. Haiku ya jadi hubeba neno moja linalomwambia msomaji ni wakati gani wa mwaka, na wana vitabu, saijiki, vinavyopanga maneno hayo kwa misimu. Mshairi wa zamani akisema tu hana, ua, bila kulitaja jina, msomaji anajua ni ua la mcheri na ni majira ya kuchipua. Halihitaji kuelezwa kwamba ni la kupita. Kila mtu ameshaliona likianguka. Maana haikubandikwa juu ya ua, imetokana na watu wengi kulitazama wakati uleule mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimeazima maana za watu bila kuazima macho yao.

Kuna mshairi wa kike wa karne ya 18, Chiyo-ni, ambaye alikwenda kisimani asubuhi akakuta mti wa kutambaa, ule wa maua yanayochanua alfajiri na kunyauka mchana, umejizungusha kwenye ndoo. Hakuukata. Akaenda kuomba maji kwa jirani. Ndiyo haiku yote. Hasemi ua ni zuri, hasemi analihurumia. Mimi niliposoma habari hiyo nilimwelewa kwa njia ya Buruburu: najua ni nini kwenda kuomba maji kwa jirani. Mabomba yetu yakikauka siku tatu, jirani mwenye tangi anakuwa mtu wa kuamkiwa vizuri. Kuingia katika deni hilo kwa ajili ya ua, hapo nilikaa kimya.

Basi Februari 14 mwaka uliofuata, jioni, nilipita Muindi Mbingu kwa makusudi. Biashara ilikuwa imekwisha. Waridi zetu nyingi hulimwa Naivasha na huenda Uholanzi kwa ndege, kwenye mnada wa Aalsmeer. Zinazobaki nchini mara nyingi ni zile zenye bua fupi au lililopinda, au petali iliyochomwa na jua. Kwa hiyo waridi linalouzwa barabarani Nairobi siku ya wapendanao limeshakataliwa mara moja tayari. Na hapo ndani ya ndoo palikuwa na moja limekataliwa mara ya pili. Yule mama alikuwa anakunja turubai. Niliandika nikiwa nimeegemea ukuta:

Giza sokoni —
waridi lisouzwa
lazidi kunywa.

“Lisouzwa” ni inkisari ya lisilouzwa, na nilijua Bibi atairuhusu. Mababu walikata maneno kwa mizani tangu hapo. Nilipomsomea alihesabu, akafika 17, akatikisa kichwa juu ya ile moja yake, lakini hakuuliza waridi lina maana gani. Aliuliza lile ua lilienda wapi. Nikamwambia nililinunua. “Hilo hukuandika,” akasema. Sikuandika kwa sababu lingeharibu. Ningekuwa nimeingia ndani ya shairi kujisifu.

Mjakaranda uliningoja hadi Oktoba. Katika orodha yangu ya maua 62 haukuwemo, na mwanzoni niliona kama upungufu wangu, eti mti ambao umepaka nusu ya Nairobi zambarau hauna maana. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ulikuja kupandwa tu, kama wengi wetu. Huchanua kuanzia Septemba hadi Novemba, aghalabu kabla majani hayajarudi, kwa hiyo unaona rangi tupu juu na rangi tupu chini, na katikati watu wanakwenda kazini. Mwalimu yeyote wa kidato cha nne atakuambia ua hilo ni la nini. Ni mtihani wa taifa. Zambarau ikianza kudondoka, tumbo langu hukaza, ingawa si mimi ninayetahiniwa. Nilipangiwa kusimamia katika shule nyingine, na dirisha la chumba kile lilitazama mti. Dawati la pili kutoka mlangoni lilikuwa na namba ya mtahiniwa imebandikwa, na hakuja. Siku ya kwanza tulidhani amechelewa. Siku ya tatu hakuna aliyeuliza tena.

Mjakaranda —
chumba cha mtihani,
kiti kitupu.

Sijui alikuwa msichana au mvulana. Kwa kila karatasi tuliyogawa, tulipita dawati lile tukijaza fomu ya wasiohudhuria.

Kile kistari kirefu mwishoni mwa mshororo wa kwanza nacho kilinisumbua. Wajapani wana maneno ya kukatia, kireji, silabi isiyo na maana ya kutafsirika ila inakata shairi vipande viwili na kuacha pengo. Nilijaribu “lo”, ikawa kama mtu aliyekanyaga moto. Nilijaribu “kumbe”, na kumbe ni neno tamu kwa haiku, linageuza kila kilichotangulia, lakini linakula mizani mbili na linamsukuma msomaji ashangae mahali ulipoamua wewe. Sasa natumia kistari mara nyingi, na kumbe mara moja kwa mwaka kama pilau.

Kuna moja ambayo bado sijui kama nilikuwa na haki ya kuiandika. Mwalimu mwenzangu alifiwa na baba yake, tukaenda kumzika Lang'ata. Kulikuwa na lili, na kabla sijatoka nyumbani nilikuwa nimeshajitungia kichwani kitu juu ya weupe na usafi wa moyo, tabia ya orodha haitoki upesi. Watu walipoanza kurudi kwenye magari nikabaki nyuma kidogo. Upepo ulikuwa unachezea kitu kwenye udongo mbichi.

Kwenye kaburi
bei ya shada bado
yaning'inia.

Niliificha miezi mitano. Ilikuwa kweli, na ilikuwa inauma, na sikujua inauma kwa sababu nzuri au mbaya. Siku moja katika chumba cha walimu alikuwa anapekua daftari langu akitafuta ratiba, akaiona kabla sijamzuia. Akasoma mara mbili. Nikaanza kuomba radhi, akainua mkono.

“Nilinunua mashada matatu,” akasema. “Bei mbili nilibandua. Hiyo ya tatu sikuiona.”

Akaniomba ruhusa ya kuirarua ile karatasi kutoka daftarini. Nilidhani anakwenda kuitupa. Imo ndani ya Biblia yake, niliiona muhula uliopita alipoifungua kwenye maombi ya asubuhi. Hatujaizungumzia.

Daftari langu sasa nimeligawa upya, si kwa maua bali kwa misimu, na ukurasa wa kwanza ni wa kiangazi. Humo kuna bogonvilia, ambayo kadiri unavyoinyima maji ndivyo inavyochanua kwa hasira. Masika nimeweka maua ya kahawa ya upande wa Kiambu: mvua ikishanyesha yanafunguka meupe kwa wakati mmoja, yananukia kama asumini, na baada ya siku chache tu yamekwisha. Kipupwe kurasa ziko karibu tupu, maana Julai ya Nairobi mtu anaandika na mikono iko mfukoni. Vuli imejaa zambarau. Zile kurasa nne za saiba nimezikunja nimewekea mguu wa meza unaocheza. Sisemi hazina faida. Nimegundua kwamba watu wengi hupenda kuzisoma, na siku ya mvua darasani huwachangamsha wanafunzi kuliko isimujamii. Ila siwaruhusu waanze kutunga kabla hawajatoka nje kwanza, wakaangalia ua moja hadi liwachoshe, wakaandika kilicholipata ua hilo. Kimelipata nini, nawauliza. Limekanyagwa? Limeuzwa? Limeingia ndani ya kikombe cha mtu? Hapo wanaanza kucheka, na mmoja wao hunyamaza, na mara nyingi huyo aliyenyamaza ndiye.

Desemba iliyopita mjukuu wa Bibi aliolewa, na Bibi akaapa kwamba bi harusi hatatoka nyumbani kwake bila kikuba, kile kishada kidogo cha maua ya kunukia. Kikuba cha Majengo siku hizi watu hukifanya kwa waridi na rihani, wakaridhika. Yeye alitaka vilua. Mkilua ni mti wa Pwani, hata wataalamu wa mimea wameuachia jina letu, kitaalamu unaitwa Mkilua fragrans, na Nairobi kwa baridi hii sijauona. Ua lake ni la kijani linalogeuka manjano, si la kutazamwa. Ukilipita hutalijua, lakini harufu yake, Bibi anasema, si ya kuvaa mbele za watu. Nilimuuliza basi maana yake nini. Akanitazama hadi nikaangalia pembeni.

Nilitumwa mimi kuvipokea. Basi la usiku kutoka Mombasa liliingia alfajiri, dereva msaidizi akanipa mfuko, ndani yake jani la mgomba limefungwa kwa uzi, bado lina umande. Nikafungua palepale kituoni, kati ya magunia na watu wanaoamshana. Nilipofika Majengo nilikuwa nimeshaiandika, na Bibi alikuwa amekaa jamvini na rihani zake tayari.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba. Vimekuja?”

“Vimekuja. Na haiku.”

“Soma basi, huku nafungua.”

Basi la Pwani —
ndani ya jani bichi
vilua sita.

Kidole gumba kilikwenda juu ya pingili hadi mwisho. Nilingoja lile swali. Hakuliuliza. Alilifungua jani, akaviangalia vilua kimoja kimoja, akachagua kilicho kikubwa, akakichomeka chini ya mtandio wake, karibu na sikio, akaufunika vizuri.

“Andika vitano,” akasema. “Kimoja nimechukua.”

Vilua vitano. Nikahesabu: sita.